Sura ya Sita: Pa Kushtakia

Agosti 1888, maofisa wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki waliamuru ukatwe mlingoti wa bendera uliosimama nyumbani kwa liwali wa Bagamoyo. Aprili ya mwaka huohuo Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alikuwa ameikodishia kampuni hiyo utawala wa pwani kwa miaka 50, ushuru wa forodha ukiwamo. Mkataba ulisema kampuni itatawala kwa jina la Sultani. Watu wa mjini hawakuusoma mkataba. Waliuona mlingoti ukianguka. Kwa mtu wa Bagamoyo wa siku zile, penye bendera ndipo penye baraza, na penye baraza ndipo mtu alipopeleka shauri lake: deni lisilolipwa, mpaka wa shamba, mpagazi aliyedhulumiwa ujira wake. Liwali alikuwa na kasoro zake, upendeleo ukiwa mojawapo, lakini alijulikana anakoishi.

Pangani mambo yalikwenda vibaya zaidi. Habari zilizoenea pwani nzima zilisema Emil von Zelewski, mwakilishi wa kampuni, na watu wake waliingia msikitini na viatu na mbwa wakimsaka liwali, tena siku za Idi ya kuchinja. Wiki chache baadaye pwani kuanzia Tanga hadi Lindi ilikuwa imenyanyuka.

Sura hii inafuata jambo moja tangu siku hizo hadi leo. Kila mara damu ilipomwagika kwa jina la dini katika pwani hii, mahubiri yalikuwapo, na bunduki zilikuwapo. Lakini kabla ya hayo mawili kulikuwa na watu waliodhulumiwa, au walioamini wamedhulumiwa, wakakosa pa kushtakia. Mhubiri wa chuki huanzia hapo. Asipopakuta, hubaki akihubiri kwa nafsi yake.

Vita vilivyopewa jina Berlin

Vita vya 1888 viliongozwa upande wa Pangani na Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa, na upande wa Saadani na Bwana Heri, mtawala aliyeheshimiwa na Wazigua. Nyuma yao walikuwamo majumbe wa Kishirazi, wapagazi, wafanyabiashara wadogo, na watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Kila kundi lilikuwa na lake. Majumbe walinyang'anywa ushuru wao wa kale, wafanyabiashara walihofia forodha, na watumwa walitafuta mwanya.

Je, vilikuwa vita vya dini? Tazama misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa Bagamoyo mwaka 1868. Mji ulipokuwa ukiwaka, maelfu ya watu walikimbilia humo, na Abushiri akaiacha isiguswe. Mapadri walikuwa wakizungumza naye na kusuluhisha. Januari 1889, hata hivyo, misheni ya Wabenediktini ya Pugu ilishambuliwa na wamisionari wakauawa. Tofauti ilikuwa katika ujirani. Misheni ya Bagamoyo ilikuwa na miaka 20 mjini, watu wakiijua kwa shamba lake na dawa zake. Ile ya Pugu ilikuwa changa, tena ya Wajerumani, ikahesabiwa pamoja na kampuni.

Huko Berlin habari zilifika zimevaa nguo nyingine. Kansela Bismarck, aliyehitaji bunge limpe fedha, aliuita upinzani huu uasi wa Waarabu wafanyabiashara ya utumwa. Januari 1889 bunge likapitisha marki milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara hiyo, na Hermann Wissmann akatumwa na jeshi la askari wa Kisudani na wengine waliokodiwa Msumbiji. Mei aliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Bwana Heri alijisalimisha mwaka uliofuata.

Jina linalopewa vita huamua nani atatoa fedha na nani atapelekwa kupigana, na huamua pia maswali ambayo hayataulizwa tena. Aliyekwisha kuambiwa kwamba wapinzani ni wauza watumwa hakuwa na haja ya kuuliza nani alikata mlingoti. Tutaliona jambo hilo tena, karibu miaka 130 baadaye, kwenye barabara ya kwenda Kibiti, kusini ya Dar es Salaam.

Sheikhe aliyetoka utumwani

Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Waliacha maliwali na maakida, wengi wao Waislamu wa pwani, watawale kwa niaba yao. Kisha vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliwatia hofu ya kudumu. Kwa hiyo mwaka 1908, ilipoanza kuzunguka pwani barua iliyodaiwa kutoka Maka, ikionya kwamba kiyama kimekaribia na kuwataka Waislamu wajitenge na makafiri, maofisa walishtuka. Hofu ilikuwa kubwa zaidi upande wa Lindi. Barua zilikamatwa, masheikhe wakahojiwa, na mtaalamu Carl Heinrich Becker akaandika uchambuzi wake huko Ujerumani. Macho yaligeukia tarika ya Kadiria, iliyokuwa ikienea kwa kasi miongoni mwa watu wa chini.

Uasi haukutokea. Kilichokuwa kikitokea katika tarika ni kitu ambacho maofisa hawakukitazamia, na Bagamoyo ndiyo mfano wake mkubwa.

Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kutoka Manyema, Kongo ya mashariki, akiwa mtoto mtumwa. Bwana wake alikuwa Amir bin Sulaiman al-Lamki, tajiri wa Kiomani aliyepata kuwa liwali wa Bagamoyo. Ramiya alianza na biashara ndogondogo, akanunua minazi shamba baada ya shamba, akasoma kwa masheikhe wa mjini, kisha akafungua madrasa yake na kuwa khalifa wa Kadiria. Wanafunzi walimjia kutoka bara. Dhikri ilimweka mjukuu wa mtumwa bega kwa bega na mwana wa jumbe, jambo ambalo katika mabaraza ya waungwana lilikuwa shida kulipata. Waingereza walipoichukua Bagamoyo mwaka 1916 walihitaji mtu ambaye neno lake linapita. Wakamteua Ramiya kuwa liwali. Mtumwa wa zamani akakalia kiti alichowahi kukikalia bwana wake.

Wapo watakaosema alinunuliwa na mkoloni, na hoja hiyo si ya kupuuzwa: liwali aliyeteuliwa na Mwingereza alikuwa mtumishi wa Mwingereza. Lakini Ramiya hakuheshimiwa kwa sababu ya uteuzi. Aliteuliwa kwa sababu alikwisha kuheshimiwa. Mlalamikaji alimkuta msikitini, shambani na barazani, na mtu yuleyule aliyemfundisha mwanawe Kurani ndiye aliyesikiliza kesi yake. Alipofariki mwaka 1931, mwanawe Muhammad alishika ukhalifa, na miaka ya kudai uhuru nyumba ya Ramiya iliiunga mkono TANU. Chama kilichokuja kutawala kiliingia Bagamoyo kupitia mlango wa sheikhe.

Wala tusidhani kwamba hatari wakati huo ilikuwa kati ya Waislamu na wazungu tu. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeieneza Kadiria hadi Zanzibar na pwani yetu, aliuawa Somalia mwaka 1909 na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, waliokuwa na uadui na tarika yake. Mabishano juu ya nani Mwislamu wa kweli yalikwisha kuua masheikhe wetu zamani sana kabla ya Al-Shabaab.

Serikali ikawa kila mahali

Baada ya uhuru, madaraka ya machifu na maliwali yalifutwa mwaka 1963. Sababu zilieleweka: taifa changa halikutaka mamlaka ya ukoo au kabila. Mwaka 1968 serikali iliipiga marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, BAKWATA, likaundwa. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa chini ya mpango wa madaraka mikoani. Zilirudi muongo mmoja baadaye. Ndani ya miaka 10, karibu kila mahali ambapo Mwislamu wa pwani angepeleka shauri lake, la dunia au la dini, pakawa ni ofisi ya serikali au ya chama, au panapodhaniwa kuwa hivyo.

BAKWATA ina masheikhe wenye elimu na wenye nia njema, na amani ambayo misikiti mingi imeijua kwa miongo ina mchango wake humo. Hata hivyo dhana kwamba ni mkono wa serikali ilishika mizizi. Vijana waliorudi kutoka vyuo vya Uarabuni, na wengine waliosoma hapahapa, walianzisha misikiti yao na mihadhara yao. Wengi wao walitaka mambo ya kawaida: mahakama ya kadhi, nafasi shuleni, mgawo wa haki wa ajira. Februari 1998 polisi walifyatua risasi katika vurugu za msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, na watu wakauawa. Miezi sita baadaye, tarehe 7 Agosti, bomu la Al-Qaeda liliua watu 11 nje ya ubalozi wa Marekani jijini humo. Matukio hayo mawili hayakuwa na uhusiano, lakini yalikaa pamoja katika fikra za watawala. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ikaja mwaka 2002. Masheikhe wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, waliokamatwa kuanzia mwaka 2012 na baadaye kushtakiwa kwa ugaidi, waliachiwa Juni 2021 baada ya mashtaka kufutwa, kesi yao ikiwa haijafika hukumuni. Kwa kijana anayesikiliza mawaidha kwenye simu, miaka hiyo ya mahabusu ni hoja ambayo mhubiri wa chuki haihitaji kuitungia chochote.

Jaribu Mpakani

Mkoa wa Pwani umelizunguka jiji la Dar es Salaam: Bagamoyo na Chalinze kaskazini, Kibaha magharibi, Mkuranga, Kibiti na Rufiji kusini. Watu wa kaskazini na wa kusini wanaoana, wanauziana samaki na nazi, na wanahudhuria maulidi moja.

Dalili za machafuko mapya zilianza kuonekana mwaka 2015. Februari, askari wa polisi na wa Jeshi la Wananchi walipambana na watu wenye silaha katika mapango ya Amboni, Tanga, baada ya polisi kuporwa bunduki mjini. Mwanajeshi mmoja alifariki. Serikali ilisema ni majambazi. Julai, kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa. Watu saba waliuawa, wanne kati yao wakiwa polisi, na bunduki zikachukuliwa. Sehemu ya silaha ilifukuliwa porini Mkuranga. Mei 2016 watu waliuawa msikitini Mwanza, na mwezi huohuo wengine wanane wakachinjwa Kibatini, Tanga.

Kisha ikaja Kibiti. Kuanzia mwaka 2016 hadi katikati ya 2017, watu zaidi ya 30 waliuawa katika Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Ukiisoma orodha ya waliokufa unaona jambo ambalo idadi peke yake haikuambii: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, makada wa CCM, mgambo, polisi. Wauaji hawakwenda kanisani wala hotelini kwa watalii. Walikuja na pikipiki jioni, wakabisha hodi kwa mtu ambaye mhuri wake unahitajika mwanakijiji akitaka kibali, barua ya dhamana au utambulisho.

Februari 2017 walivamia kizuizi cha mazao ya misitu cha Jaribu Mpakani, kwenye barabara kuu ya kusini. Waliouawa walikuwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, ofisa maliasili na mgambo, na kizuizi kikachomwa moto. Inafaa kukitazama kizuizi chenyewe. Mchoma mkaa wa Kibiti anatakiwa awe na leseni, alipe tozo kwa gunia, apate hati ya kusafirishia, kisha aonyeshe vyote getini. Asiye navyo hupita usiku kwa baiskeli au pikipiki. Akikamatwa, mzigo unataifishwa au anatoa "chochote". Sheria hizo zina maana, kwa sababu bila hizo misitu ingekwisha. Lakini kwa kijana asiye na shamba, serikali ilikuwa ni ubao uliokatiza barabara na mtu wa mgambo mwenye kitabu cha risiti. Huduma nyingine za serikali zilimfikia kwa nadra. Geti lilimfikia kila usiku.

Tarehe 13 Aprili 2017, jioni, polisi wanane waliokuwa wakirudi kutoka doria waliuawa kwa risasi eneo la Mkengeni, na silaha zao zikachukuliwa.

Maofisa waliendelea kusita kulitaja jambo hili kwa jina la ugaidi. Zaidi waliliita uhalifu. Bismarck alikuwa na haja ya jina kubwa, Dodoma ilikuwa na haja ya jina dogo, kwa sababu utalii na uwekezaji havipendi habari za ugaidi. Yote mawili yalifunga mjadala. Ikiwa ni ujambazi, hakuna haja ya kuuliza juu ya mafundisho yaliyokuwa yakienea katika baadhi ya misikiti, wala juu ya geti la mkaa.

Dawa na madhara yake

Dawa iliyotumika ilikuwa nguvu. Mei 2017 Simon Sirro aliteuliwa kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, mkoa maalumu wa kipolisi wa Rufiji ukaundwa, na pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Agosti polisi walitangaza kuwaua watu 13 katika mapambano. Mauaji yalipungua, kisha yakakoma. Hilo ni jambo la kushukuru, na mjane wa mwenyekiti aliyepigwa risasi mlangoni hatakubali mtu wa kitabuni alibeze.

Lakini watu wengine walichukuliwa majumbani na hawakurudi, na ndugu zao hawakupata pa kuuliza. Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyeziandika habari za Kibiti, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, alipoulizwa na BBC alisema Azory alitoweka na kufariki, kisha serikali ikaeleza kwamba hakumaanisha hivyo. Familia yake haijapewa maelezo kamili hadi leo.

Na baadhi ya waliokimbia walivuka mto Ruvuma. Tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji waliteka vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Ndani ya vita hivyo vya Cabo Delgado Watanzania walionekana mapema; mwaka 2021 Marekani ilimtaja Mtanzania, Abu Yasir Hassan, kuwa kiongozi wa kundi hilo. Oktoba 2020 wapiganaji walikuwa wamevuka mto kurudi upande wetu na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mwaka 2021 Tanzania ikapeleka askari katika kikosi cha SADC huko Cabo Delgado. Moto uliozimwa Rufiji ulikuwa umehama.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo lilitoa ripoti mwaka 2017 baada ya kuwahoji watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi ya namna hii barani Afrika, Kenya na Somalia zikiwamo. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Na waliosoma dini kwa angalau miaka sita walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga. Matokeo hayo mawili yasomwe pamoja. Elimu ndefu ya dini, ya aina iliyotolewa katika madrasa ya Ramiya, humfundisha mtu kwamba masheikhe wamehitilafiana kwa karne nyingi bila kuchinjana. Anayekuja na fatwa ya dakika tano kwenye simu hamtishi. Lakini elimu hiyo haimrudishii mama mwana aliyechukuliwa usiku.

Kaskazini ya Dar es Salaam leo

Bagamoyo haikuwaka kama Kibiti. Si kwamba haina madai. Hifadhi ya Saadani ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, wakazi wa kitongoji cha Uvinje walisema ardhi yao imechukuliwa ndani ya mipaka hiyo, wakaendelea kudai kwa barua na vikao kwa miaka. Mradi wa bandari na eneo maalumu la kiuchumi, uliotiwa saini na Wachina mwaka 2013, uliwaacha watu wa vijiji kama Mlingotini na Pande katika kungoja: wapo waliofanyiwa tathmini, wapo waliolipwa, wapo walioambiwa wasijenge. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliukataa mkataba. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yatafufuliwa. Mwenye minazi yake hakujua apande au ang'oe.

Kilichoikinga Bagamoyo hakiwezi kuwa kimoja. Mji una chuo cha sanaa, una watalii, una jiji jirani linalomeza vijana wake kwa vibarua. Una pia nyumba za elimu ambazo bado watu huzipelekea mashauri, na maulidi ambayo huwakutanisha watu wa tarika na wa misikiti mingine. Mambo hayo hupungua yasipotunzwa. Sheikhe anayetumiwa na serikali kutangaza sensa na chanjo, lakini hasikilizwi akileta shauri la ardhi, hupoteza mtaji wake haraka kuliko alivyoupata.

Upande wa utawala, kazi ni ya kijijini. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila robo mwaka, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Vijiji vingi huufanya mkutano huo kwa kuruka, au kwa kusomewa tu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, ambao vyama vikuu vya upinzani vilisusia, uliipa CCM zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa anaweza kuwa mtu mwema, lakini mwanakijiji aliyedhulumiwa naye hakupewa nafasi ya kumkataa kwa kura. Mauaji ya Kibiti yalimlenga mtu wa ngazi hiyo hasa: aliyebeba jina la serikali bila kuwa na uwezo wa kutatua, na bila wanakijiji wa kutosha wanaomwona kuwa wao.

Hakuna idadi ya vikao itakayomgeuza mtu aliyekwisha kuamua kuua. Huyo ni wa polisi na mahakama, mahakama iliyo wazi. Lakini kundi halijengwi na huyo mmoja; hujengwa na wale 20 wanaomficha, wanaomlisha au wanaonyamaza. Hao ndio wanaoweza kurudishwa, na gharama yake si kubwa: mkutano wa robo mwaka ufanyike kweli, risiti za geti zisomwe mbele ya watu, fidia ilipwe au ardhi irudishwe, na aliyekamatwa aonekane mbele ya hakimu. Atakayetaka kujua kama pwani ya Bagamoyo iko salama asianze kuhesabu misikiti yenye wahubiri wakali. Aende ofisi ya kijiji, aombe daftari la mihutasari, aangalie mkutano wa mwisho ulifanyika lini na nani aliruhusiwa kusema.